Mbuni Katika Kibanja: Mwongozo wa Kupanda, Kutunza na Kulinda Kahawa ya Robusta Wilayani Muleba

Na Mwandishi Wetu – Muleba

Wilayani Muleba, mkoani Kagera, bustani inayoizunguka nyumba huitwa kibanja. Ndani yake migomba hulisha familia mwaka mzima, na chini ya kivuli cha migomba hiyo husimama mibuni, miti midogo ya kudumu ambayo huipatia kaya fedha ya pamoja wakati wa msimu. Fedha hiyo ndiyo hulipa ada za shule, matibabu, mabati ya nyumba na michango ya kijamii. Kwa sababu hiyo, mbuni mmoja unaponyauka, hasara yake huonekana katika bajeti ya nyumba kwa miaka kadhaa, maana mche unaochukua nafasi yake huhitaji miaka miwili hadi mitatu kabla ya kutoa mavuno ya kwanza.

Makala haya yanawaeleza wananchi wa Muleba na wilaya jirani namna ya kuchagua miche, kupanda, kupogoa, kukinga mibuni dhidi ya magonjwa na wadudu, na kuvuna kwa utaratibu unaolinda thamani ya zao. Yanaeleza pia taasisi ambazo mkulima anaweza kuziendea ili kupata miche na ushauri.

ASILI YA MBUNI WA ROBUSTA KATIKA BUHAYA

Kahawa inayolimwa kwa wingi Muleba na Bukoba ni Robusta, ambayo jina lake la kitaalamu ni Coffea canephora. Sehemu kubwa ya Robusta ya Tanzania hutoka katika Mkoa wa Kagera, wakati mikoa kama Kilimanjaro, Arusha, Mbeya, Songwe na Ruvuma hulima zaidi Arabika.

Wahaya walikuwa na mibuni kabla ya ukoloni. Matunda yalichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa, kisha yakatafunwa. Mgeni alikaribishwa kwa kahawa hiyo, na punje mbili zilizomo ndani ya tunda moja zilitumika katika kufunga undugu wa damu. Upandaji wa mibuni ulikuwa chini ya mamlaka ya Bakama, hivyo mwananchi wa kawaida hakupanda apendavyo.

Wakati wa ukoloni kahawa iligeuzwa kuwa zao la biashara. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walizipinga kanuni za kilimo cha kahawa zilizoletwa na serikali ya kikoloni, kwa kuwa ziliingilia kibanja bila wenye kibanja kushirikishwa. Mwaka 1950 kilianzishwa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa cha Bukoba, ambacho ndicho chimbuko la Chama Kikuu cha Ushirika Kagera, KCU (1990) Limited, kinachohudumia wakulima hadi sasa. Historia hiyo inaonesha kwamba utunzaji wa mbuni hufanikiwa pale mkulima anapoelewa sababu ya kila kazi anayoelekezwa kuifanya.

HALI YA HEWA NA UDONGO

Ziwa Victoria liko katika mwinuko wa takriban mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na vilima vya Muleba, ikiwemo nyanda za Kamachumu, huinuka juu zaidi ya hapo. Mvua hunyesha katika vipindi viwili: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Septemba hadi Desemba. Ukanda wa karibu na ziwa hupata mvua nyingi, na kiasi hicho hupungua kadiri mtu anavyoelekea magharibi. Joto la wastani na unyevu wa namna hii huufaa mbuni wa Robusta.

Mvua nyingi zina gharama yake. Huchukua virutubisho na kuvishusha chini ya mizizi, na udongo hubaki na tindikali. Hii ndiyo sababu rutuba ya kibanja haikuja yenyewe. Ilijengwa na vizazi kwa samadi ya ng’ombe, majivu ya jikoni, mabaki ya migomba na nyasi zilizokatwa katika mbuga za nje zinazoitwa rweya. Kaya isiyo na mifugo, au isiyo na mahali pa kukata nyasi, hukichosha kibanja chake taratibu bila kujua. Mkulima anashauriwa kuomba vipimo vya udongo kupitia kwa afisa ugani kabla ya kuweka chokaa au mbolea za viwandani, ili aweke kile ambacho udongo wake unakihitaji.

KUCHAGUA AINA NA MICHE

Mbuni wa Robusta haujichavushi wenyewe. Ua lake huhitaji chavua kutoka mbuni wa aina nyingine. Jambo hili lina maana mbili kwa mkulima.

Kwanza, mche uliooteshwa kwa mbegu haufanani lazima na mti mama. Mkulima anaweza kuchuma mbegu kutoka mbuni wa jirani wenye mazao mengi na usiougua, lakini miche itakayoota ikawa dhaifu, kwa kuwa baba yake hajulikani. Ndiyo maana miche bora ya Robusta huzalishwa kwa vikonyo, yaani vipande vya machipukizi yanayokua wima, ambavyo huoteshwa ndani ya kitalu chenye unyevu mwingi kilichofunikwa kwa nailoni. Mche wa kikonyo hurithi sifa zote za mti mama, ikiwemo ukinzani dhidi ya magonjwa.

Pili, kibanja hakipaswi kupandwa aina moja tu ya vikonyo. Mkulima achanganye aina kadhaa ili chavua ipatikane. Kibanja chenye aina moja kinaweza kuchanua vizuri kikatoa matunda machache.

Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), yenye makao makuu Lyamungo mkoani Kilimanjaro na kituo cha Maruku wilayani Bukoba, ilitoa mwaka 2011 aina nne za Robusta zenye ukinzani dhidi ya ugonjwa wa mnyauko fusari. Aina hizo ni Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1, hii ya mwisho ikiwa imepewa jina la wilaya hii. Mkulima anayeziba mapengo au anayeanzisha kibanja kipya anashauriwa kupanda aina hizo.

Mche ufaao una jozi zisizopungua sita za majani ya kijani yasiyo na madoa, shina lililonyooka, na umezoeshwa jua kwa wiki chache kabla ya kutoka kitaluni. Mkulima asinunue miche barabarani kutoka kwa muuzaji asiyejulikana kitalu chake. Miche ya namna hiyo inaweza kuwa ya mbegu za kuokota, au ikaleta udongo wenye vimelea vya ugonjwa ndani ya kibanja kilichokuwa salama.

KUANDAA SHIMO NA KUPANDA

Shimo lichimbwe miezi miwili hadi mitatu kabla ya mvua, kwa urefu, upana na kina cha sentimita 60. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja na wa chini upande mwingine. Udongo wa juu uchanganywe na debe moja hadi mawili ya samadi iliyooza vizuri, kisha urudishwe shimoni takriban mwezi mmoja kabla ya kupanda ili ushuke na kutulia. Samadi mbichi isitumike kwa kuwa huunguza mizizi na kuvutia wadudu.

Nafasi inayotumika kwa Robusta iliyopandwa peke yake ni mita 3 kwa mita 3, ambayo hutoa takriban mibuni 450 kwa ekari. Katika kibanja chenye migomba idadi huwa ndogo zaidi, na mbuni uwekwe katikati ya mistari ya migomba ili mizizi isigombanie chakula. Kivuli chepesi ni kizuri, hasa kwa mche mchanga. Kivuli kizito hufanya mbuni urefuke, uwe na matawi machache, na uchanue kidogo.

Kupanda kufanyike mwanzoni mwa masika au mwanzoni mwa vuli, udongo ukiwa umelowa vizuri. Mfuko wa nailoni uchanwe na kuondolewa wote. Mche uwekwe katika kina kilekile ulichokuwa nacho kitaluni, udongo ushindiliwe kwa mikono, kisha mche uwekewe kivuli cha muda cha makuti ya migomba au nyasi hadi utakaposhika.

MATANDAZO, PALIZI NA MBOLEA

Matandazo ya nyasi au majani makavu ya migomba huhifadhi unyevu, huzuia magugu na huongeza rutuba yanapooza. Yatandazwe kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, lakini yaache nafasi ya takriban sentimita 30 kuzunguka shina. Matandazo yanayogusa shina hukaribisha mchwa na kulifanya ganda liwe na unyevu wakati wote.

Palizi ya karibu na shina ifanyike kwa kung’oa magugu kwa mkono. Hili ni agizo lenye sababu nzito. Kidonda kidogo kinachotokana na jembe au panga kwenye ganda la mbuni ndicho mlango ambao vimelea vya mnyauko fusari huingilia. Mkulima anayepalilia kwa jembe akipita kutoka mbuni hadi mbuni anaweza kusambaza ugonjwa kibanja kizima katika asubuhi moja.

Mibuni na migomba yote hutumia madini ya potasiamu kwa wingi. Kila mkungu na kila gunia linalotoka kibanjani huondoka na sehemu ya madini hayo. Majivu ya jikoni na mabaki ya migomba yarudishwe shambani, na samadi iliyooza iongezwe kila mwaka. Kwa mbolea za viwandani, mkulima afuate ushauri uliotokana na vipimo vya udongo. Mpango wa Serikali wa ruzuku ya mbolea ulioanza msimu wa 2022/23 humhudumia mkulima aliyesajiliwa, hivyo wananchi wanakumbushwa kuhakikisha taarifa zao ziko sahihi katika ofisi ya kijiji au mtaa.

KUPOGOA NA KUFUFUA MIBUNI

Mbuni usiopogolewa hurefuka hadi mvunaji hulazimika kuvuta matawi na kuyavunja. Majani ya ndani hukosa mwanga, na chakula cha mti huishia kwenye vijiti visivyozaa. Tawi la mbuni huzaa sehemu iliyokua karibuni. Sehemu iliyokwisha kuzaa haizai tena mahali pale pale. Kazi ya kupogoa ni kuufanya mti uwe na matawi mapya wakati wote.

Mibuni ya Robusta hulelewa kwa mashina matatu au zaidi kidogo kwa kila shimo. Mche ukishashika, shina lake huinamishwa taratibu na kufungwa ili litoe machipukizi kutoka chini. Machipukizi matatu yenye nguvu na yaliyoachana vizuri huachwa, mengine huondolewa.

Baada ya hapo kazi hufanyika kwa ngazi tatu. Maotea, yaani machipukizi yasiyotakiwa yanayoota kwenye shina, huondolewa mara kwa mara yakiwa bado laini ili kidonda kiwe kidogo. Baada ya mavuno, matawi makavu, yaliyovunjika, yaliyoshambuliwa na wadudu na yale yanayogusa ardhi hukatwa kwa mkasi wa kupogolea. Mashina yanapozeeka na mavuno kushuka, kwa kawaida baada ya miaka saba au minane, hukatwa kwa msumeno umbali wa sentimita 30 kutoka ardhini kwa mkato wa mshazari ili maji yatiririke. Shina moja huachwa ili liulishe mti wakati machipukizi mapya yanakua, kisha nalo hukatwa.

Wakulima wengi husita kukata mashina kwa kuhofia kupoteza mavuno ya msimu. Njia inayopunguza hofu hiyo ni kufufua sehemu tu ya mibuni kila mwaka, kwa mfano robo yake, ili kaya isikose mapato na kibanja kizima kiwe kimefanywa upya baada ya miaka minne.

MNYAUKO FUSARI: UGONJWA UNAOUA MBUNI

Mnyauko fusari husababishwa na kuvu anayeitwa Fusarium xylarioides. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1927 katika eneo ambalo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ulirejea kwa nguvu Mashariki ya Kongo, ukathibitika Uganda mwaka 1993 na kuonekana mkoani Kagera mwaka 1997. Hauna dawa ya kuutibu mti uliokwisha kuugua. Kuvu huziba mirija inayopandisha maji, na mti hufa kwa kiu ilhali udongo una maji.

Dalili za kutazama ni hizi:

- Majani hugeuka manjano, hujikunja, hunyauka na kukauka, mara nyingi kuanzia upande mmoja wa mti au shina moja kabla ya mengine.
- Majani hupukutika na matawi kubaki matupu.
- Matunda hubadilika rangi kabla ya wakati na kubaki yamekauka kwenye matawi.
- Ganda la shina likikwanguliwa kwa kisu, mbao ya chini huonesha michirizi ya rangi ya bluu inayoelekea weusi.

Dalili ya mwisho ndiyo inayoutofautisha ugonjwa huu na ukame. Mbuni uliokosa maji hufufuka baada ya mvua na mbao yake huwa na rangi ya kawaida. Mbuni wenye mnyauko fusari haufufuki hata mvua zikinyesha.

Mara dalili hizo zikionekana, mkulima achukue hatua zifuatazo bila kusubiri msimu uishe:

1. Amwite afisa ugani wa kata ili athibitishe ugonjwa na kuangalia mibuni ya jirani.
2. Ang’oe mbuni wote pamoja na mizizi na kuuchoma moto hapo hapo uliposimama. Usikokotwe kupita katikati ya mibuni mingine.
3. Asitumie mti huo kama kuni za nyumbani, nguzo za uzio wala miti ya kuegeshea migomba, na asimpe jirani. Mbao yenye vimelea ni njia mojawapo kuu ya ugonjwa kusafiri kutoka kijiji hadi kijiji.
4. Asafishe panga, msumeno na mkasi kwa moto au kwa dawa ya kuua vijidudu yenye klorini kabla ya kugusa mti mwingine.
5. Asikate shina na kuacha kisiki akitumaini kitachipua. Machipukizi ya kisiki kilichougua nayo hunyauka.
6. Apande aina kinzani katika nafasi hiyo baada ya muda atakaoelekezwa na mtaalamu.

Ni jambo gumu kwa familia kung’oa mbuni uliopandwa na wazazi na ambao bado una matunda upande mmoja. Hata hivyo, mbuni huo hautapona, na kila wiki unaobaki umesimama huongeza hatari kwa mibuni iliyo karibu nao. Kukubali hasara ya mti mmoja mapema ndiko kunakookoa kibanja.

Wakulima wanakumbushwa pia kwamba mnyauko wa migomba, uliogundulika Kagera mwaka 2006, ni ugonjwa tofauti unaosababishwa na bakteria. Hauhami kutoka mgomba kwenda kwenye mbuni. Magonjwa yote mawili, hata hivyo, husafirishwa na vifaa vichafu, kwa hiyo desturi ya kusafisha panga hulinda chakula na fedha za familia kwa wakati mmoja.

WADUDU WA KUANGALIA

Ruhuka wa matunda ni mdudu mweusi mdogo sana, asiyefikia milimita 2, anayetoboa tundu kwenye kitako cha tunda na kuzaliana ndani ya punje. Punje iliyotobolewa hupoteza uzito na daraja. Ruhuka huishi kutoka msimu mmoja hadi mwingine ndani ya matunda yaliyosahaulika mtini au yaliyoanguka chini. Njia ya kwanza ya kumdhibiti ni kuchuma matunda yote yaliyobaki mwishoni mwa msimu, kuokota yaliyo ardhini, na kuyafukia au kuyachoma.

Mdudu mwingine hutoboa vijiti na kusababisha ncha za matawi kukauka ghafla huku sehemu nyingine ya mti ikiwa nzima. Vijiti hivyo vikatwe chini ya tundu na kuchomwa. Kupunguza kivuli kizito na kuondoa maotea husaidia kumpunguza.

Viuatilifu vitumike pale tu inapolazimu na kwa maelekezo ya mtaalamu. Kibanja ni mahali watu wanapoishi, watoto wanapocheza na mboga zinapochumwa. Mkulima anunue viuatilifu vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na asitumie kifungashio kisicho na lebo. Kwa walio kandokando ya ziwa na mito, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Dawa inayonyunyizwa karibu na maji huishia katika samaki na katika ndoo ya kunywa.

KUVUNA NA KUKAUSHA

Tunda la Robusta huchukua takriban miezi tisa hadi kumi na mmoja kutoka ua hadi kuiva. Matunda ya mti mmoja hayaivi siku moja, hivyo mvunaji hupita mara kadhaa na kuchuma yale mekundu tu. Kukamua tawi kwa mkono, yaani kuvuta matunda mabichi na mabivu kwa pamoja, huvunja vijicho vya maua ya msimu ujao na kuleta punje nyeusi zisizokomaa.

Kahawa nyingi ya Kagera hukaushwa ikiwa na maganda yake. Matunda yatandazwe kwenye chanja au turubai safi kwa unene wa sentimita 3 hadi 4, yageuzwe mara kadhaa kwa siku, na yafunikwe mvua inaponyesha na wakati wa usiku. Kuanika juu ya udongo mtupu huleta ukungu wenye sumu na harufu ya vumbi, ambayo mnunuzi huitambua mara moja. Kahawa iliyokauka hulia ndani ya ganda ikitikiswa. Unyevu wa punje usizidi asilimia 12.5. Ihifadhiwe katika magunia safi juu ya vichanja, mbali na ukuta, mafuta na mbolea.

Kwa makadirio ya kawaida, kilo 5 za matunda mabivu hutoa takriban kilo 1 ya kahawa safi. Matunda mabichi hutoa pungufu ya hapo, kwa kuwa punje zake hazijajaa. Anayevuna mapema hupoteza uzito kwanza, kisha hupoteza daraja.

BUTURA NA ATHARI ZAKE KWA MBUNI

Butura ni mauzo ya kahawa ikiwa bado maua au matunda machanga mtini. Mkulima mwenye dharura hupewa fedha kidogo, na mavuno yote ya msimu huwa mali ya mnunuzi. Serikali imekuwa ikikataza biashara hii mara kwa mara kwa kuwa humwacha mkulima bila chochote wakati bei inapotangazwa.

Athari yake kwa mti wenyewe huzungumzwa kwa nadra. Aliyenunua maua hana sababu ya kulinda matawi ya mwaka ujao. Huvuna kwa kukamua, mara nyingine matunda yakiwa mabichi, ili arudishe fedha zake haraka. Mwenye kibanja naye hukosa ari ya kupogoa na kutandaza nyasi kwa mavuno yasiyo yake. Misimu miwili au mitatu ya butura huacha mibuni iliyovunjika, yenye ruhuka na isiyo na rutuba, na kaya hurudi kuuza maua tena kwa sababu mavuno yamepungua.

Mkulima mwenye mahitaji ya dharura anashauriwa kuomba mkopo kupitia vyama vya akiba na mikopo au kupata maelezo katika Chama cha Ushirika cha Msingi (AMCOS) alichojiunga nacho. Kahawa iuzwe katika vituo vya ushirika vinavyotambuliwa, na mkulima adai stakabadhi yenye uzito sahihi. Kusafirisha kahawa nje ya nchi kwa njia za magendo ni kosa.

Usajili wa mkulima na kibanja chake una manufaa mengine. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayotaka kahawa inayoingia katika soko lake ithibitishwe kuwa haikutoka katika ardhi iliyokatwa misitu baada ya Desemba 31, 2020, na kuoneshwa eneo ilikolimwa. Ingawa tarehe ya kuanza kutumika ilisogezwa mbele, maandalizi yanahitaji kumbukumbu za kila shamba. Kibanja kilichorithiwa tangu mababu kina hoja nzuri mbele ya kanuni hiyo, ilimradi kimeandikwa.

KALENDA FUPI YA KAZI

- Januari na Februari: kuchimba na kuandaa mashimo, kuongeza matandazo, kukagua mibuni.
- Machi hadi Mei: kupanda miche, kuweka samadi na mbolea, kung’oa magugu.
- Juni hadi Agosti: kuvuna matunda mekundu, kukausha na kuuza kupitia ushirika.
- Septemba: kuchuma masalia, kupogoa, kufufua mashina yaliyozeeka.
- Oktoba hadi Desemba: kuziba mapengo kwa miche kinzani, kuweka mbolea, kuchagua machipukizi ya kulea.
- Mwaka mzima: kuondoa maotea, kusafisha vifaa, na kupita kila mbuni walau mara moja kila wiki mbili kutafuta dalili za mnyauko.

MAHALI PA KUPATA HUDUMA

Ushauri wa awali hutolewa na maafisa ugani wa kata na vijiji chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Muleba. Miche na maelekezo ya kitaalamu hupatikana kupitia TaCRI, kituo cha Maruku, pamoja na vitalu vinavyotambuliwa na halmashauri. Masuala ya usajili wa wakulima, ubora na biashara husimamiwa na Bodi ya Kahawa Tanzania, wakati masuala ya uanachama na malipo huanzia AMCOS.

Wananchi wanaoona mibuni ikinyauka katika kibanja chao au cha jirani wanaombwa kutoa taarifa katika ofisi ya kijiji siku hiyo hiyo.